Nani atie sahihi kwa niaba yake? Swali la Mathare linalotuhusu sisi wa Pwani

Mwezi Mei 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, ikachukua mahali pa ile ya 2003. Mazungumzo niliyoyasikia baadaye, redioni na barazani, yalihusu nafasi za kazi na nafuu za kodi. Ni mambo mazuri. Lakini kuna swali linalozinyima familia nyingi usingizi, nalo halikupewa nafasi ya kutosha: ndugu yako akiwa mtu mzima, na ulemavu wake ukamzuia kutia sahihi, kuzungumza au kuelewa karatasi aliyowekewa mbele, nani ana haki ya kuamua kwa niaba yake? Na haki hiyo anaipata wapi?

Mimi ni mtu wa Kisauni, lakini riziki imeniweka Nairobi, na kwa miaka kadhaa sasa naishi Mathare. Katika sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Mathare pekee ilihesabiwa watu 206,564 waliobanana kwenye kipande cha ardhi ambacho ukitembea haraka unakimaliza kabla jua halijakuwa kali. Hapa ndipo nimeona swali hili likiwa uchi. Naliandika kwa ajili ya wasomaji wa Pwani kwa sababu sisi tunalo vilevile, ila kwetu limefunikwa na nyumba za urithi na viwanja vya familia.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Mathare ni mitaa: Mlango Kubwa, Mabatini, Mashimoni, Kosovo, 4A na mingine. Mathari, kwa "i" mwishoni, ni hospitali kuu ya magonjwa ya akili iliyo kando ya barabara ya Thika, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Pwani tukisema fulani "kapelekwa Mathare" tunamaanisha kachanganyikiwa. Utani huo unabeba kosa moja kubwa, la kudhani kwamba ulemavu wote ni wa akili na kwamba mwenye ulemavu hana neno la kusema. Kosa hilo limeingia hadi kwenye ofisi zetu, na ndilo kiini cha makala haya.

Nieleze visa viwili ninavyovijua kwa karibu.

Cha kwanza ni cha binti ya ami yangu, anayeishi Mlango Kubwa. Mwanawe wa kiume ana miaka 23 na alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono haimtii, maneno humtoka kwa taabu, na asiyemzoea hamwelewi. Sisi tuliomzoea tunamwelewa. Anajua bei ya unga, anajua nani kamdai mamake, na mpira wa Ulaya anaufuata kuliko mimi. Babake alipofariki Mombasa aliacha nyumba yenye wapangaji. Kadhi aligawa urithi kama inavyotakiwa na kijana akapata fungu lake. Kasheshe ikaanzia hapo. Benki moja ilikataa kumfungulia akaunti ya kupokea kodi kwa sababu "hawezi kutia sahihi", ikamwambia mamake alete amri ya mahakama inayomfanya msimamizi. Wakati huohuo ndugu zake wa kwa baba wakawa wanataka nyumba iuzwe, na wakatoa wazo kwamba mmoja wao ndiye aombe usimamizi.

Kisa cha pili ni cha jirani yangu, mke wa dereva wa boda boda. Mumewe aligongwa usiku akaumia kichwa. Amerudi nyumbani akiwa hai, lakini haongei, hamtambui mtu, hajui yupo wapi. Pikipiki imesajiliwa kwa jina lake, akiba ya chama imo katika simu yake, na neno la siri limo katika kichwa ambacho hakifunguki tena. Mke alitakiwa atie sahihi ya bima, ya hospitali na ya kuuza pikipiki. Kila ofisi ilimuuliza: wewe ni nani kisheria?

Watu wawili hawa wametofautiana kama usiku na mchana. Mmoja ana akili timamu iliyofungwa ndani ya mwili usiomtii. Wa pili, kwa sasa, hawezi kuamua lolote. Lakini ofisi ziliwapa jibu moja: leteni amri ya mahakama.

Sasa tuitazame sheria. Kenya humhesabu mtu kuwa mtu mzima akifika miaka 18. Mzazi aliyekuwa akimtilia mwanawe sahihi shuleni na zahanati huamka siku hiyo akiwa hana tena mamlaka hayo. Sheria ya Watoto ina mlango mdogo, kwamba mahakama inaweza kurefusha jukumu la mzazi kupita miaka 18 ikiridhika kuna hali maalumu. Wazazi wengi niliowauliza mtaani hawajawahi kuusikia mlango huo.

Kuna pia hati ya uwakilishi, ile karatasi ambayo mtu humpa mwenziwe mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Ni nzuri, lakini anayeitoa lazima awe anaelewa anachokitoa, na kwa sheria yetu hati ya kawaida hufa pale akili ya aliyeitoa inapoondoka. Mke wa boda boda hawezi kuipata leo. Mtoto wa binti ya ami yangu anaweza, kwa sababu anaelewa. Hakuna aliyemwambia hivyo.

Mlango mkubwa ni Sheria ya Afya ya Akili ya 1989. Sehemu yake moja inaipa mahakama uwezo wa kumteua jamaa wa karibu, au mtu mwingine anayefaa, kuwa mlezi wa mtu mwenye maradhi ya akili na msimamizi wa mali yake. Maombi haya husikilizwa Mahakama Kuu. Unapeleka hati ya kiapo, ripoti ya daktari, ridhaa ya jamaa na maelezo ya mali. Ukiteuliwa, una miezi sita ya kuwasilisha kwa mahakama na kwa Mdhamini wa Umma orodha ya mali na madeni, na kila mwaka unatoa hesabu. Nyumba au ardhi huwezi kuiuza, kuitoa zawadi wala kuiweka rehani bila ruhusa maalumu ya mahakama. Ukienda kombo, mahakama inaweza kukuondoa.

Masharti hayo yana maana. Yamewekwa kwa sababu mali ya asiyeweza kujitetea ni nyama mbele ya fisi. Tatizo liko kwingine, na liko sehemu tatu.

La kwanza ni gharama na umbali. Wakili aliyeombwa bei na binti ya ami yangu alitaja ada inayozidi kodi ya chumba chake ya mwaka mzima. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, zikipitia kwa mlezi. Mtu wa shilingi 2,000 haendi Mahakama Kuu. Matokeo yake ni kwamba Mathare watu huamua bila karatasi yoyote. Mama anaweka dole gumba la mwanawe, mke anajua neno la siri la mumewe, chifu anaandika barua, mambo yanaenda. Yanaenda mpaka siku kunapotokea mvutano. Siku hiyo aliyemlea mgonjwa miaka kumi hana chochote cha kuonyesha, na mjanja mwenye wakili ndiye anayeonekana mwenye haki.

La pili ni neno lenyewe. Sheria inazungumzia maradhi ya akili. Mahakama zimelinyoosha neno hilo lifike kwa waliopata kiharusi, waliopoteza fahamu na wazee waliopoteza kumbukumbu, maana familia hizo hazikuwa na pengine pa kwenda. Kwa mke wa boda boda kunyoosha huku ni rehema. Lakini ofisi nazo zimelinyoosha kwa njia yao, zikamfunika hata asiyehusika. Kiziwi, kipofu, mwenye mtindio wa ubongo anayeelewa vizuri, wote wanaambiwa walete msimamizi. Kumtaka kijana mwenye akili zake akaapiwe mahakamani kwamba ana maradhi ya akili, ili apokee kodi ya nyumba ya babake, ni kumvunjia heshima. Ni pia kumpa mtu mwingine ufunguo wa maisha yake yote kwa sababu ya sahihi moja.

La tatu ndilo zito zaidi. Mfumo huu unaelekea kwenye yote au hapana. Ama mtu ana uwezo wa kuamua kila kitu peke yake, ama hana hata kimoja. Maisha hayako hivyo. Mtu anaweza kushindwa kusoma mkataba wa mauzo lakini akajua wazi kwamba hataki nyumba ya babake iuzwe. Nilipomuuliza kijana wetu, alichukua muda, akanijibu: "Mjomba, nyumba isiuzwe. Nataka kodi." Katika vikao vyote vya familia vilivyofanyika kuhusu nyumba hiyo, Nairobi na Mombasa, yeye alikuwa hajaulizwa.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 12 kinasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba serikali iwape msaada wanaouhitaji ili wautumie. Katiba ya 2010 inaihesabu mikataba tuliyoiridhia kuwa sehemu ya sheria zetu. Mwaka 2015 kamati ya mkataba huo iliikagua Kenya na kuitaka ihame kutoka kwenye mfumo wa mtu kuamua badala ya mwenziwe, iende kwenye mfumo wa mtu kusaidiwa aamue mwenyewe. Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yalipiga hatua, kwa kutambua msaidizi na mwakilishi wa mgonjwa na kutaka ridhaa yake kabla ya matibabu. Lakini usimamizi wa mali umebaki kwenye njia ileile ya 1989, na sheria mpya ya 2025 haikuifuta.

Wengine wamekwisha kuvuka. Peru mwaka 2018 ilifuta usimamizi wa watu wazima kwa sababu ya ulemavu, ikaweka mpango ambao mtu huchagua mwenyewe wa kumsaidia. Ireland ilikuwa ikitumia sheria ya mwaka 1871 iliyowaweka watu wazima chini ya mahakama kama watoto. Ilipitisha sheria mpya mwaka 2015 na kuanza kuitekeleza Aprili 2023. Humo msaada una ngazi: kuna anayekusaidia kuelewa, kuna anayeamua pamoja nawe, na kuna mwakilishi anayeteuliwa na mahakama kwa mambo yaliyotajwa tu. Ngazi ndizo tunazozikosa sisi.

Wala tusidhani ni mambo ya Wazungu. Fiqhi tuliyosomeshwa chuoni inajua ngazi hizi. Inamzuia asiye na akili timamu kuitumia mali yake ovyo na kumtaka walii aihifadhi kwa maslahi yake. Lakini haimzuii mtu kwa sababu ya mguu, jicho au ulimi. Wanazuoni waliikubali ishara ya bubu inayoeleweka kuwa ni sawa na kauli. Nikilinganisha hilo na karani wa benki aliyekataa kumsikiliza kijana anayezungumza taratibu, najua nani kaachwa nyuma.

Hapa Nairobi pia kuna mbegu. Chama cha Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, kilichoanzishwa 2007 na watu waliopitia wenyewe maradhi ya akili, huendesha vikundi vya wenza kusaidiana, vikundi ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitaja mwaka 2021 miongoni mwa mifano mizuri ya kuigwa. Mtu anapokwama kwenye uamuzi, wenzake humsikiliza na kumweleza, bila kumnyang'anya neno la mwisho.

Sasa niwageukie watu wa kwetu. Pwani hatuna shida ya chumba cha mabati. Shida yetu ni nyumba ya urithi yenye warithi kumi na wawili, mmoja wao akiwa "yule wa ndani". Kila familia inamjua wake. Anafungiwa mlango wageni wakija, lakini jina lake halisahauliki mnunuzi akifika. Mahakama ya Kadhi, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba, inashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Inaweza kusema fungu lake ni kiasi gani. Usimamizi wa mali ya mtu mzima chini ya sheria ile ya 1989 ni kazi ya Mahakama Kuu. Kati ya mahakama hizi mbili kuna pengo, na ndani ya pengo hilo ndipo mafungu ya walemavu yanapopotelea. Mauzo hufanywa kwa dole gumba lililoshikwa na mkono wa mwingine, na mwenye dole hapati hata kanzu mpya ya Idi.

Kwa mwenye ndugu wa namna hii nina ushauri.

Anza mapema. Mtoto akifika miaka 16 au 17, muandikishe katika Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, na akifika 18 asikose kitambulisho. Asiye na kitambulisho hana laini ya simu, hana akaunti, na hayumo katika orodha yoyote ya msaada. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoisomba Mathare na serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa, orodha ziliandikwa kwa majina na nambari za vitambulisho.

Mwombe daktari aandike anachoweza ndugu yako, pamoja na asichoweza. Ripoti inayosema "anaelewa, anajibu kwa ishara, anahitaji muda" inafungua milango ambayo ripoti ya "mlemavu" huifunga.

Kama anaelewa, usikimbilie usimamizi. Nendeni kwa wakili, asomewe hati kwa lugha anayoijua, wakili athibitishe kwamba ameelewa, aweke dole gumba lake mwenyewe. Ofisi ikikataa, itake ikueleze kwa maandishi ni sheria gani inayomzuia.

Kama haelewi kabisa, nenda mahakamani, lakini omba kile unachokihitaji: akaunti hii, bima hii, matibabu haya. Mwambie wakili usiombe mamlaka juu ya kila kitu kwa sababu tu fomu ya zamani imeandikwa hivyo. Na msiteue mtu mmoja ambaye ndiye pia atakayefaidika mali ikiuzwa. Wawili ni bora, mmoja wa upande wa mama na mmoja wa upande wa baba, ili kila mmoja amwone mwenziwe.

Na asiye na pesa asikate tamaa kabla ya kuuliza. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, kina watu Nairobi na Mombasa.

Kwa wabunge wetu wa Pwani ninalo ombi. Ileteni upya bungeni ile sehemu ya sheria ya 1989. Mahakama za hakimu zipewe mambo madogo, kama akaunti yenye akiba ya chama au pikipiki moja, ili mke wa boda boda asilazimike kuingia Mahakama Kuu kwa ajili ya pikipiki. Wekeni ngazi za msaada, na mwandike wazi kwamba ulemavu wa mwili, wa kusikia au wa kusema hauwezi kuwa sababu ya mtu kutakiwa kuleta msimamizi.

Binti ya ami yangu hajaenda mahakamani. Wakili wa msaada alikubali kumsikiliza mwanawe mwenyewe, akakaa naye zaidi ya saa moja, na sasa inaandaliwa hati ya uwakilishi ambayo kijana anampa mamake uwezo wa kupokea kodi tu. Kuuza hakumo. Ndugu zake wa Mombasa wameshapelekewa habari, na hawajafurahi. Mke wa boda boda yeye bado anasubiri tarehe ya kusikilizwa, na pikipiki iko nje ya mlango wake, imefunikwa na turubai.

Wahenga wetu walisema hujafa hujaumbika. Leo unamtilia mwenzio sahihi. Kesho gari laweza kukugonga Buxton, nawe ukalala ukisubiri mtu akuulize unataka nini. Uliza basi, leo, yule wa ndani kwenu.

Wasalaam.